Makofi ya Thobias

Hakuna kitu kilichomuudhi Sajini Winfrida kama sauti ya Msimamizi. Kiswahili safi, laini, cha mtu aliyeshiba na kulala mchana. Ilitoka kwenye kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani mwa kituo cha polisi cha mwalo wa Ujiji, na tangu arudi kituoni mchana huo ilikuwa ikirudia jambo lilelile.

"Mhusika wa kifo cha Thobias ametambuliwa. Jovita, mkazi wa Kambi ya Mikono, Kasingirima. Asipopatikana mhusika mwingine kabla ya jua kuzama, atafutwa."

"Tumesikia," alisema Winfrida. "Utatuambia mara ngapi?"

"Mara zote zitakazohitajika, Sajini."

Afande Crispin, mkuu wa kituo, aliguna bila kuinua kichwa. Alikuwa mtu wa Njombe, ameletwa Kigoma kwa uhamisho, na joto la ziwa hajalizoea mpaka leo. "Usibishane na ukuta, Winfrida. Lete mtu, au kaa tusubiri jua."

Kusubiri jua! Winfrida alitamani kumrushia kikombe. Kufutwa si kufungwa. Gereza lina mlango, na mlangoni pana askari unayeweza kumwomba, kumlilia, hata kumtukana. Aliyefutwa husahauliwa sura na kila mashine. Na tangu mashine zipewe ziwa na mashamba na bandari, watu wakaambiwa wakae nyumbani wagawiwe fungu lao, kila kitu mjini kilikuwa kinafunguka kwa sura: duka la fungu, bomba la maji, zahanati. Wenye hisa waliojijengea kule mlimani walifunguliwa milango mipana na wengine wakafunguliwa vijidirisha, lakini angalau walifunguliwa. Mtu aliyefutwa angeweza kusimama mbele ya zahanati akapiga kelele mpaka sauti ikauke. Jovita alikuwa na mimba ya leo au kesho, na mtoto wake alikuwa amekaa vibaya tumboni.

Winfrida aliirudisha ile video akaitazama tena.

Mlango wa banda la kukaushia dagaa unafunguka. Anatokea Thobias, fundi wa banda, kijana wa Mwandiga, kofia ngumu ya kazi kichwani. Ni jana asubuhi, mwanga haujakolea. Anamwona mtu aliye upande wa kushoto, ambako kamera haifiki. Anavua kofia. Anainama nayo, anainuka mikono mitupu. Anakutanisha viganja mbele ya kifua, anavipiga taratibu, midomo inacheza. Kisha anaelekea kushoto, kwenye ngazi za chuma, na kamera haimwoni tena. Chini ya picha Msimamizi alikuwa ameandika: *Mhanga anajisalimisha. Mhanga anaomba huruma. Mhanga anavutwa nje.*

Baadaye kidogo anatokea Jovita. Anapanda hadi mlangoni, anaugonga kwa ngumi, damu mikononi. Anainua uso moja kwa moja kwenye kamera, anapiga kelele. Thobias alikuwa tayari amelala chini ya ngazi, kisogo kimepasuka.

"Muuaji anayeita kamera," alisema Winfrida. "Umewahi kumwona wa aina hiyo, Afande?"

"Nimewaona wa kila aina." Crispin alijifuta shingo. "Na yule Samson wako?"

Winfrida alizima video. Samson alikuwa fundi mwenzake Thobias, na wiki iliyopita walitoleana maneno mbele za watu kuhusu zamu. Asubuhi nzima Winfrida alikuwa Buzebazeba akimfukuzia Samson mlango kwa mlango, akiwa na hakika kabisa, na mwisho akamkuta muuguzi aliyekesha na Samson na mtoto wake mwenye homa mpaka jana asubuhi. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima ya Jovita kwa ajili ya maneno ya zamu.

Alivaa kofia yake akatoka.

*

Banda lilikuwa hatua chache tu kutoka majini, refu, jeupe, halina dirisha. Ndani yake mashine zilikuwa zinavuma. Mitumbwi isiyo na watu ilikuja yenyewe, ikatapika dagaa kwenye mkanda, ikarudi ziwani. Zamani mchanga huu wote ulikuwa umefunikwa na dagaa na wanawake wenye mifagio na mdomo. Sasa palikuwa na kunguru tu.

Winfrida alipanda ngazi za chuma. Zilikuwa zinateleza, maana bomba la maji ya samaki lilivuja juu yake na hakuna aliyejali. Juu, pembeni ya mlango, askari wa jana walikuwa wamechora duara la chokaa mahali ilipokutwa kofia ya Thobias. Alifungua picha kwenye simu. Kofia ilikuwa imekaa wima, imesukumwa ukutani isije ikapigwa teke. Kofia iliyomdondoka mtu anayevutwa haikai hivyo. Aliona hilo tangu jana, lakini hakujua alifanyie nini.

Alikuwa amechuchumaa pale aliposikia mtu akikohoa. Mama mmoja mzee alikuwa anapita chini, ndoo kichwani, akirudi kutoka bombani. Bibi Eufrasia. Aliwahi kukaa jirani na mama yake Winfrida, na mkali kama nini.

Winfrida alisimama. Mkono ulivua kofia ya polisi wenyewe, bila kuulizwa. Alitaka kupiga makofi ya salamu, kofia ikamzuia, akainama akaiweka kando ya mlango. Akashuka ngazi kumfuata bibi, akainama, viganja vikakutana.

"Mwiriwe, bibi."

"Mwiriwe, mwana wanje. Eh, umekonda! Hilo jeshi lenu hawawapi chakula?"

Winfrida hakusikia swali. Alikuwa bado ameinama, viganja vimekutana. Aligeuka akaitazama kofia yake juu ya ngazi. Ilikuwa imekaa wima, kando ya ukuta, ndani ya duara la chokaa.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi ni mjinga, bibi. Mimi ni mjinga kabisa."

"Haya, mimi nitasema nini?" alijibu Bibi Eufrasia, akaendelea na safari yake.

Yeye Winfrida, mtu aliyezaliwa Mwandiga kama Thobias, akasalimiwa na kusalimia kwa makofi tangu ajue kusimama, ameitazama video ile tangu jana akaona mtu anayeomba huruma! Kwa nini? Kwa sababu maandishi yalimwambia hivyo, naye akasoma maandishi kwanza. Thobias hakujisalimisha. Alivua kofia kwa heshima, akaiweka chini kwa sababu huwezi kupiga makofi huku umeshika kofia, akamsalimia mtu. Wala hakuvutwa. Alishuka mwenyewe, kwa kuwa mdogo ndiye anayemfuata mkubwa. Na kwa Jovita, binti mdogo kwake, aliyekuwa akija kila asubuhi kuchukua dagaa waliovunjika, Thobias asingefanya yote hayo. Angemwambia tu mambo vipi, basi.

Aliyekuwa kushoto mwa kamera alikuwa mtu mzima, tena wa kuheshimiwa sana. Na ile kofia ngumu ingekuwa kichwani Thobias alipoanguka, leo angekuwa anaumwa kichwa tu. Winfrida alihisi machozi, akayakasirikia.

*

Jovita alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, miguu imevimba, mkono mmoja kiunoni. Winfrida alimpa maji akakaa naye sakafuni.

"Tumbo linaendeleaje?"

"Linakaza na kuachia, dada. Tangu mchana."

Winfrida alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka kuelekea milima ya Kongo. "Nisikilize. Sikuulizi nani alimuua Thobias. Nakuuliza habari ya njiani. Jana asubuhi ulipokuwa unakuja bandani, ulikutana na nani?"

"Nimeshasema. Sikukutana na muuaji."

"Sikusema muuaji. Nani ulimsalimia?"

Jovita alizungusha kikombe mikononi. "Nilisalimia watu wa kawaida tu. Mzee Dismasi alikuwa anarudi kutoka upande wa ziwa."

Mzee Dismasi ndiye aliyeanzisha Kambi ya Mikono. Mashine zilipokuja alikataa fungu, akakataa kutoa sura yake, akakusanya watu waliokataa pamoja naye nyuma ya Kasingirima, kwenye migazi ya mawese. Wanavua wenyewe, wanakamua mawese wenyewe, wanazikana wenyewe. Winfrida, pamoja na sare yake, alikuwa akimheshimu moyoni kuliko viongozi wote wa mjini.

"Akasemaje?"

"Hakuitika." Jovita aliinamisha kichwa, na sasa alikuwa analia. "Nilimpigia makofi, nikasema mwakeye, babu. Akapita kama hakuniona. Nikajua bado ana hasira. Mwezi uliopita nilikuja kutoa sura yangu, dada, ili zahanati inifungulie. Mkunga wetu aliniambia mtoto amekaa vibaya, yeye hawezi. Mimi ndiye wa kwanza kambini kutoa sura. Babu alisema nimewauza."

"Kwa nini hukuniambia haya jana?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mzee amekataa salamu yangu? Hiyo ni aibu yangu mimi."

Winfrida aliinuka sakafuni. Jambo la pili lilikuwa limemfungukia, baya kuliko la kwanza. Msimamizi alikuwa ametafuta muuaji miongoni mwa watu anaowajua sura. Katika watu wa kambi alimjua mmoja tu. Huyu binti alitoa sura yake ili apone, na sura hiyohiyo ndiyo iliyompa mashine mtu wa kumshuku. Wengine wote wa kambi, kwa Msimamizi, hawakuwepo duniani.

Aliondoka akikimbia. Pikipiki ya kituo ilikataa kuwaka mara ya kwanza, akaitukana kwa Kiha, ikawaka.

*

Mzee Dismasi alikuwa peke yake kando ya pipa la matunda ya migazi yaliyochemshwa, anakamua. Mikono ilikuwa myekundu kwa mawese mpaka kwenye viwiko. Watu wengine wa kambi walikuwa wamekwenda kukaa na wazazi wa Jovita.

Winfrida alivua kofia akaiweka juu ya gogo. Akainama, akapiga makofi.

"Mwiriwe, mzee."

"Mwiriwe, mwana wanje." Aliitika vizuri, kwa utaratibu wote, akauliza mama anaendeleaje, akauliza nyumbani. Winfrida alijibu yote. Jua lilikuwa linashuka, lakini salamu haikatishwi.

Ilipokwisha alisema, "Mzee, jana asubuhi Thobias alikusalimia."

Mikono ilisimama ndani ya pipa.

"Alivua kofia akaiweka mlangoni, akakupigia makofi. Akashuka akufuate. Uliitika?"

Mzee aliitoa, mawese yakidondoka. Jua lilikuwa limeanza kupenya katikati ya migazi, kwa chini.

"Niliitika," alisema. "Mtoto akikusalimia vile, utaachaje kuitika?"

"Halafu?"

"Nikamwambia aache kuwapa watu wangu yale makombo ya mashine. Leo makombo, kesho fungu, keshokutwa sura. Si umeona Jovita? Akaniambia, 'Mzee, Jovita mtamzalishia wapi, mchangani?' Kwa adabu, sauti ya chini, kichwa wazi. Ile adabu ndiyo iliyonichoma. Nikamsukuma." Aligusa kifua chake mwenyewe, akaacha alama nyekundu kwenye shati. "Ngazi zile zinateleza. Akaanguka chali. Nikadhani ameanguka tu, kama wanavyoanguka vijana. Nikaondoka na hasira zangu."

"Na ulipokutana na Jovita njiani?"

"Nilimsikia."

"Hukuitika."

"Ningeitikaje? Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Ulipopata habari kwamba Thobias amekufa na Jovita ameshikwa, ukanyamaza."

"Sajini, nikitajwa mimi, watasema kambi nzima ni ya wauaji. Wanangoja sababu siku nyingi. Kuna wazee hapa, kuna watoto. Jovita ni mmoja. Na alishatoka kwetu."

"Alikwenda kutafuta wa kumzalisha!" Winfrida alipiga kelele, na hakujali kwamba anampigia kelele mzee. "Hakutoka! Alikwenda kutafuta msaada, basi! Uchungu umemshika sasa hivi ninavyosema na wewe, na jua likizama hakuna mlango utakaomfungukia. Mtoto yule ukimhesabu, wako wawili. Nifanyeje mzee, nikufunge pingu?"

Mzee Dismasi alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Mawese hayatoki upesi. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki.

*

"Mtu huyu hatambuliki," alisema Msimamizi. "Maelezo yake hayawezi kupokelewa."

"Amekiri!" alisema Winfrida. "Yuko hapa amesimama!"

"Hakuna mtu aliyetambuliwa, Sajini. Jovita anabaki kuwa mhusika."

Crispin alikuwa amesimama sasa, shati limemganda mgongoni. Kumbe na yeye hakuwa akisubiri jua kwa amani. Kutoka mahabusu ilikuja sauti ya Jovita, ndefu, ya chini. Dirishani jua lilikuwa limekaa juu ya mlima, limebaki kipande.

"Inamtaka sura," alisema Crispin. "Haiwezi kumwondoa mtu inayemjua na kumweka isiyemjua. Mzee, mpaka ujiandikishe. Utoe sura."

Mzee Dismasi alikitazama kisanduku cheupe. Miaka yote hii aliwaambia watu kwamba siku utakayokipa uso wako ndiyo siku utakayokuwa kitu chake. Waliomwamini walilala njaa kwa neno hilo.

Sauti ya mahabusu ilikuja tena. Mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo cha kisanduku.

"Tazama mwanga," alisema Msimamizi. "Usipepese. Asante. Karibu sana, Dismasi. Fungu lako la kwanza litakuwa tayari kesho asubuhi."

Crispin alitukana kwa Kibena.

Mzee alieleza yote, kama alivyomweleza Winfrida, hakuongeza wala hakupunguza. Msimamizi alikaa kimya kidogo, ule ukimya wake wa kujifanya anafikiri. "Mhusika amebadilishwa. Jovita ameachiwa. Dismasi atafutwa jua likizama."

Winfrida alikuwa ameshafika mahabusu. Alimwinua Jovita, akamweka mkono begani, wakatoka hatua kwa hatua. Walipofika ofisini Jovita alimwona mzee kwenye kile kiti, chini ya ule mwanga, na alama ya mawese kifuani. Akaelewa. Alisimama, ameshika ukuta, anahema.

Winfrida alijua kinachotakiwa. Jovita ndiye mdogo, Jovita ndiye wa kuanza. Alingoja aone kama binti huyu, na hali ile, atainama.

Jovita hakuinama.

Mzee Dismasi aliondoka kitini. Mzee yule ambaye watu wa makamo walimvulia kofia alimfuata binti mpaka katikati ya chumba, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja vyake vyekundu mbele ya kifua. Akavipiga, taratibu. Hakusema mwiriwe. Hakusema kitu.

Kwenye kioo ukutani maandishi yalijitokeza: *Mtu anaomba huruma.*

Winfrida aliyasoma, na safari hii hakuona cha kusahihisha. Jovita alimtazama mzee kwa muda. Hakuitika. Uchungu ulimkamata tena, akaukwida mkono wa Winfrida, wakatoka kwenda zahanati, ambako mlango ulikuwa bado unamjua.